Ukitaka kumjua winga, mtazame asipokuwa na mpira

Chukua rula ya mwanao, ile ya futi moja anayoenda nayo shuleni, uilaze mezani. Sasa tandaza kiganja chako juu yake, kidole gumba kikiwa mwanzo wa rula na kidole cha mwisho kikivutwa mbali kadiri utakavyoweza. Ukifika inchi 9, jihesabu kuwa mwenye mkono mpana. Mwaka 2011, kabla ya uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi kuu ya mpira wa vikapu wa kulipwa huko Marekani, kijana mmoja wa miaka 19 alipimwa kiganja namna hiyo hiyo. Kilifika inchi 11 na robo. Rula ya mwanao ingebaki na robo tatu ya inchi tu.

Kijana huyo ni Kawhi Leonard, na wakati huo alikuwa winga wa chuo kikuu cha San Diego State, California. Chanda chema huvikwa pete, walisema wahenga wetu, na yeye alikuja kuvikwa mbili za ubingwa, mwaka 2014 akiwa na San Antonio Spurs na mwaka 2019 akiwa na Toronto Raptors. Lakini usiku wa uteuzi, Juni 23, 2011, vijana 14 waliitwa kabla yake. Hata timu iliyomwita, Indiana Pacers, haikumweka. Ilimpeleka San Antonio usiku huo huo ili yenyewe impate mlinzi George Hill.

Je, mpenzi msomaji, lau ungekuwa wewe umeketi miongoni mwa mabwana wale wenye kalamu na daftari, ungemwita wa ngapi? Usijibu upesi. Watu wale hulipwa kwa kazi hiyo, walikuwa na picha za video na vipimo vyote, na bado wengi wao walikosea. Makosa yao yanaweza kumfunza mengi mzazi yeyote ambaye mwanawe hulala na mpira wa vikapu kitandani.

MLANGO MWEMBAMBA

Kwanza tuelewe jinsi mlango wenyewe ulivyo mwembamba. Vyuo vinavyoshindana katika daraja la kwanza la michezo ya vyuo Marekani ni zaidi ya 350, na kila kimoja kina wachezaji zaidi ya kumi. NBA ina timu 30 pekee. Kila mwaka timu hizo huchagua vijana wapatao 60 katika raundi mbili. Uteuzi huo huitwa drafti, na usiuchanganye na drafti ile ya vizibo vya soda ichezwayo vibarazani. Miongoni mwa hao 60 wamo pia vijana kutoka Ulaya, Australia na Afrika ambao hawakupitia chuo chochote cha Marekani.

Anayeitwa katika raundi ya kwanza, yaani nafasi ya 1 hadi 30, huhakikishiwa mshahara wa misimu miwili hata kama atashinda benchi akishangilia wenzake. Wa raundi ya pili hana hakika hiyo. Asiyeitwa kabisa hubisha hodi mwenyewe kwingineko.

Isitoshe, kanuni za mwaka 2011 zilikuwa kali. Mwanafunzi aliyeliacha jina lake kwenye orodha hadi siku ya uteuzi hakuweza tena kurudi kuichezea timu ya chuo chake. Leonard alikuwa amesoma miaka miwili tu alipofanya uamuzi huo. Unaona basi kwamba swali la kama kijana atafaa si mazungumzo ya kupitishia wakati kwenye televisheni. Kwa familia yake ni suala la kuacha au kutoacha masomo, na likijibiwa vibaya hupoteza vyote viwili.

WINGA NI NANI?

Winga wa vikapu si kama yule wa kandanda anayeukimbilia mstari na kupiga krosi. Huyu ni mtu wa katikati kwa kimo, aghalabu futi 6 na inchi 5 hadi futi 6 na inchi 9. Mlinzi mfupi huuleta mpira na kupanga mashambulizi. Senta mrefu hukaa karibu na kikapu. Winga hutakiwa kufanya kidogo cha kila kitu: amzuie mshambulizi hodari wa timu nyingine, afunge kutoka mbali, akimbie pembeni, na adake mipira inayorudi kutoka ubaoni, ile ambayo wachezaji huiita ribaundi.

Huko chuoni winga mwenye kipaji hufanya mengi zaidi. Ndiye nyota. Kila shambulizi hupitia mikononi mwake, na kocha humwachia atupe apendavyo. Akifika kwenye ligi ya kulipwa hukuta kwamba kila aliye karibu naye naye alikuwa nyota wa chuo fulani. Mpira hupewa mmoja au wawili kati yao, na waliobaki hutakiwa kuwa na faida bila kuushika. Hapo ndipo wengi huzama.

Sasa tazama mchezo mmoja. Januari 26, 2011, San Diego State ilisafiri hadi Provo, katika jimbo la Utah, kupambana na chuo kikuu cha Brigham Young. Ilikuwa imeshinda mechi zake zote 20 za msimu. Mlinzi wa wenyeji, Jimmer Fredette, alifunga alama 43 peke yake, na wageni wakalala 71 kwa 58. Nchi nzima ilimzungumzia Fredette. Alimaliza msimu akiwa na wastani wa alama 28.9 kwa mchezo, wa juu kuliko mchezaji yeyote wa daraja lile. Leonard, aliyekuwa upande wa walioshindwa, alimaliza na wastani wa 15.5.

Kwa hesabu ya alama peke yake hakukuwa na mjadala. Fredette aliitwa wa 10, akaishia Sacramento Kings. Lakini kimo chake kilikuwa futi 6 na inchi 2, na walinzi wa NBA walikuwa wepesi na wenye nguvu kuliko wale aliowazoea. Timu hiyo haikuweza kumpa mpira kila mara kama alivyopewa chuoni, na alipokuwa hana mpira mchango wake ulipungua. Mwaka 2014 Sacramento iliachana naye. Baadaye alikwenda Uchina, akapewa tena mpira mkononi, na mwezi wa Novemba 2018 akiwa na timu ya Shanghai alifunga alama 75 katika mchezo mmoja. Kipaji chake hakikuwahi kupotea. Kilihitaji uwanja uliojengwa kukizunguka yeye, na NBA haikuwa uwanja huo.

KIPIMO CHA MWILI

Basi wachunguzi wazuri huanzia wapi? Huanza na mwili, kwa sababu kimo hakifundishwi. Leonard alikuwa na futi 6 na inchi 7, lakini aliponyoosha mikono yake kando, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole ilikuwa futi 7 na inchi 3. Mikono kama hiyo humwezesha winga kusimama hatua moja nyuma ya mshambulizi na bado akaufikia mpira. Pia humruhusu kupishana na mtu mrefu kuliko yeye bila kuonekana mdogo.

Hata hivyo mwili peke yake ni ahadi tu. Sisi wa Afrika Mashariki tuna mfano wa karibu. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mwenye futi 7 na inchi 3, aliitwa wa pili mwaka 2009 kutoka chuo kikuu cha Connecticut, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Alikuwa senta, si winga, na kufika kwake kulikuwa fahari kwa eneo letu lote, maana hakuna Mtanzania aliyekuwa ametangulia kucheza NBA. Lakini mchezo huu alikuwa ameuanza akiwa tayari kijana wa umri wa sekondari, na kimo hakikuweza kumlipia miaka ambayo wenzake walikuwa wamekwisha kuitumia viwanjani. Kabla ya msimu wake wa kwanza kumalizika, Memphis Grizzlies ilimpeleka ligi ya chini akapate muda wa kucheza.

KIPIMO CHA KAZI ISIYOPIGIWA MAKOFI

Kipimo cha pili ndicho kigumu kwa mtazamaji, kwa sababu macho yetu hufuata mpira. Wachunguzi hujifunza kuyafumba macho hayo na kumfuata mtu mmoja kwa dakika nzima, mpira uwe naye au usiwe naye. Je, wenzake wanapopoteza mpira, hurudi mbio au hutembea akilalamika kwa refa? Anayemlinda akipiga chenga, hubaki mbele yake au hupitwa na kutegemea senta amwokoe? Mtupo ukigonga chuma, huutazama tu au tayari amekwisha kumzuia mtu kwa mgongo na kuruka?

Hapa Leonard alikuwa na jibu lililoandikwa waziwazi. Katika msimu wake wa pili alidaka wastani wa ribaundi 10.6 kwa mchezo. Kumbuka hiyo ni kazi ya masenta, naye alikuwa winga. Timu yake ilishinda mechi 34 na kushindwa 3 pekee, na mbili kati ya hizo ilishindwa na wale wale wa Fredette. Ribaundi huonyesha nguvu, wepesi wa kusoma mchezo, na kitu ambacho hakipimwi kwa rula, yaani kuutaka mpira kuliko aliye karibu nawe. Sifa hiyo haimtoki mtu kwa sababu amebadilisha timu.

Lipo jambo jingine la kuzingatia. Vyuo vingi hulinda kwa kugawana maeneo, kila mtu na sehemu yake, na mlinzi dhaifu huweza kujificha humo kama mwanafunzi mvivu katika kazi ya kikundi. NBA humfichua. Huko timu pinzani humtafuta mlinzi dhaifu na kumletea mchezaji wao hodari ana kwa ana, tena na tena, hadi kocha aone haya na kumtoa.

KIPIMO CHA MTUPO

Sasa tufike kwenye sababu iliyofanya wengi wamhofie Leonard. Hakujua kufunga kutoka mbali. Katika msimu ule wa pili, mitupo yake ya alama tatu iliingia kwa asilimia 29 tu. Isitoshe, mwaka 2011 mstari wa alama tatu wa vyuo ulikuwa futi 20 na inchi 9 kutoka kwenye kikapu, lakini wa NBA ni futi 23 na inchi 9 katikati na futi 22 pembeni. Ikiwa anakosa kwa karibu, waliuliza, atawezaje kwa mbali?

Usiku ule ule Minnesota Timberwolves ilimwita wa pili Derrick Williams wa chuo kikuu cha Arizona, mwenye kimo kinachokaribiana na cha Leonard. Mitupo yake ya alama tatu ilikuwa imeingia kwa asilimia 57, jambo la ajabu. Ila jumla yake yote kwa msimu mzima ilikuwa mitupo 74, naye akafunga 42. Mwalimu yeyote wa hesabu angekuonya: mitupo 74 ni michache mno kutabiria maisha ya mtu. Katika msimu wake wa kwanza wa kulipwa Williams alishuka chini ya asilimia 30. Leonard naye, yule wa asilimia 29, alipanda hadi karibu 38.

Je, ulikuwa muujiza? La. Usione vyaelea, vimeundwa. Makocha wa San Antonio waliitazama mikono ya kijana wakaona kosa moja linaloonekana: aliupeleka mpira nyuma sana ya kichwa kabla ya kuuachia. Walikuwa na mwalimu wa mitupo, Chip Engelland, aliyesifika kwa kutengeneza mikono ya watu. Tena zilikuwapo dalili njema. Kwenye mitupo huru, ile ya adhabu ambayo hakuna anayekuzuia, Leonard alifunga karibu robo tatu, kwa hiyo mkono wake haukuwa mzito. Ligi ilifungwa wiki moja baada ya uteuzi kutokana na mzozo wa mishahara, na msimu haukuanza hadi Desemba 25. Kijana alipewa masahihisho yake, akaenda kuyafanyia mazoezi.

Kwa hiyo mchunguzi hodari haulizi tu kama mtupo unaingia. Huuliza kama kasoro yake inaweza kurekebishwa, na kama mwenyewe ni mtu wa kurekebishika.

KIPIMO CHA MWENDO

Hilo latuleta kwa kijana wa nne wa usiku ule. Jimmy Butler aliitwa na Chicago Bulls akiwa wa 30, wa mwisho katika raundi ya kwanza. Hakuanzia chuo kikubwa. Alisoma mwaka mmoja katika chuo kidogo cha Tyler huko Texas kabla ya kupokewa na chuo kikuu cha Marquette. Msimu wake wa kwanza pale alifunga wastani wa alama 5.6, na alipofika msimu wa tatu alikuwa anafunga 15.7. Chicago nako alianza na 2.6 tu. Lakini mwaka 2015 alitangazwa kuwa mchezaji aliyeimarika kuliko wote katika ligi, na mwaka 2020 na tena 2023 aliiongoza Miami Heat hadi fainali.

Mtu aliyemtazama Butler kwa siku moja angeona winga wa kawaida. Aliyeweka msimu mmoja kando ya mwingine angeona mstari unaopanda bila kurudi nyuma. Wazazi, hilo mnalijua kutokana na ripoti za shule. Mtoto aliyetoka nafasi ya 30 hadi ya 12 hukupa matumaini kuliko yule aliyekaa nafasi ya 8 miaka yote akijivunia kuwa na akili.

ANAKOANGUKIA

Baki moja, nayo haimo mikononi mwa kijana hata kidogo. Ni timu gani itakayomwita? Leonard alifika San Antonio akawakuta Tim Duncan, Tony Parker na Manu Ginobili, mabingwa waliokwisha kuzoea kushinda. Hakuna aliyemtaka abebe timu. Alitakiwa alinde, adake ribaundi, na atupe akiachwa wazi pembeni. Msimu wa kwanza alifunga wastani wa alama 7.9 tu na kila mtu akaridhika. Miaka mitatu baada ya uteuzi, akiwa bado na miaka 22, alipewa kazi ya kumlinda LeBron James katika fainali ya 2014, na mfululizo ulipokwisha kwa 4-1 yeye ndiye aliyetajwa mchezaji bora.

Je, angefika hapo lau 14 wale wasingempita? Tuseme timu dhaifu ingemwita wa tano, ikamkabidhi mpira na kumwambia afunge alama 20 kila usiku kwa mtupo ule ulioharibika. Pengine leo tungemtaja miongoni mwa walioshindwa. Ndiyo maana mchunguzi mwaminifu hasemi kwamba kijana fulani lazima atafaulu. Husema atafaa kwa kazi fulani, katika timu ya aina fulani, akipewa muda fulani.

Nawe mzazi unayeletewa habari kwamba mwanao ana kipaji na kwamba yupo mtu wa kumtafutia chuo ng'ambo, uliza maswali hayo hayo. Atacheza kazi gani huko? Nani atamfundisha? Asipoitwa na timu yoyote, atatoka na cheti gani mkononi? Mwulize mwanao pia. Akirudi kutoka uwanjani Jumamosi jioni, usianze na alama alizofunga. Mwulize alimlinda nani, na mtu huyo alifunga ngapi.

Na siku utakapoketi kutazama mchezo wa vyuo, iwe kwenye televisheni au pale uwanjani mtaani, fanya jaribio moja. Chagua winga mmoja kabla ya filimbi. Kwa dakika tano usiutazame mpira hata kelele zikipanda. Mtazame yeye tu, anaposimama, anaporudi, anapopigana mgongo kwa mgongo na mtu mzito kuliko yeye kwa ajili ya mpira ambao huenda asiupate. Dakika hizo tano zikiisha utakuwa na neno la kuandika katika daftari lako.